Askari Wetu Hupelekewa Shida, Hapelekewi Kifurushi

Ukitaka kuijua Tanzania bila kupanda basi, simama asubuhi kwenye madirisha ya vifurushi katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Viroba vya mchele wa Kyela vinashushwa, madumu ya mawese ya Kigoma yamezibwa midomo kwa nailoni, ndizi za Bukoba zimeshonewa ndani ya magunia, na juu ya kila mzigo kuna jina na namba ya simu kwa wino mzito. Huyu anampelekea mwanafunzi wa chuo Dodoma unga na maharage. Yule anamtumia mama mkwe vitenge Songea. Ukivuka kwenda Unguja utakuta papa mkavu na ubuyu vikifungwa kwa safari ya Muscat, kwa sababu tu kuna dada huko anayelalamika kwamba chakula cha ugenini hakimpandi. Na siku ya kuwatembelea watoto wa bweni, nani asiyejua harufu ya pilau iliyopikwa saa kumi alfajiri?

Sisi ni watu wa kutumiana mizigo. Ila katika majina yote yanayoandikwa juu ya viroba vile, sijawahi kuona la askari aliyeko misheni ya kulinda amani nje ya nchi. Utaniambia basi haliendi Bangui. Sawa, lakini hata Muscat haliendi.

Kwa miaka mingi sasa vijana wetu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wamevaa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa na kwenda Darfur, kusini mwa Lebanoni, Kivu Kaskazini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wengine wakaenda Cabo Delgado, Msumbiji, chini ya bendera ya SADC. Tumejifunza kuwapokea kwa heshima kubwa wanaporudi ndani ya majeneza. Wakiwa hai huko, tunawapelekea kitu kimoja tu bila kukosa: shida za nyumbani. Msimamo wangu ni kwamba jambo hili tumelipindua. Askari aliye nje ya nchi anastahili barua na kifurushi kutoka kwetu, na kazi ya kukifunga kifurushi hicho inaanzia kwenye nyumba aliyoiacha.

Simu ya saa mbili usiku

Siku hizi hakuna anayemsubiri mtu wa posta. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinahesabu intaneti na burudani miongoni mwa huduma za kikosi kilichoko misheni, na mtandao ukikubali askari anauona uso wa mkewe kila jioni. Ni neema, sibishi. Lakini sikiliza kinachosemwa baada ya salamu.

Paa la jikoni linavuja. Mtoto wa darasa la saba amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa masomo ya ziada. Fundi amekula hela ya matofali na simu yake haipatikani. Mdogo wake askari amekuja na habari ya kuoa na anataka kujua kaka atasimamia kiasi gani. Mjomba anaumwa, na hapo hapo shangazi amepata fununu kwamba jirani amesogeza mpaka wa kiwanja. Kila anayepita sebuleni anapewa simu aseme neno, na neno la kila mmoja lina bei. Mtu aliyerudi doria jioni, ambaye kesho alfajiri anatoka tena, anakata simu akiwa na orodha.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mumewe alikuwa nje, aliwahi kunieleza kwamba ikifika Ijumaa alikuwa anaizima simu makusudi. Hakuwa na ugomvi na mumewe. Alikuwa anampa siku moja ya kupumzika na ukoo wake mwenyewe, maana ukoo mzima ulikuwa unapitia kwake yeye na alichoka kuwa tarishi wa balaa. Niliposikia hivyo nilijiuliza: hivi sisi wengine tunadhani mtu anakwenda misheni na mabega mangapi?

Hakuna mwenye nia mbaya hapa. Kwetu mwenye mshahara ndiye benki ya ukoo, na mwenye posho ya misheni amekuwa benki kuu. Tatizo ni umbali. Askari akiwa Lugalo au Monduli ataomba ruhusa, atapanda basi, atamfuata yule fundi mpaka mlangoni kwake na matofali yataonekana. Akiwa Beni, Kongo, anaweza kutuma fedha na kukosa usingizi, basi. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na yeye ndiye anayeuonja msemo huo kwa ulimi wake: kiwanja chake, shamba lake, pengine hata ndoa yake vinajadiliwa katika vikao ambavyo hana kiti.

Aliyeondoka akiwa ni mama, mambo huwa makali zaidi. Wanawake wa JWTZ nao wanakwenda misheni, na wengi huacha watoto kwa bibi. Bibi huyo akienda kuteka maji au kununua mboga anaulizwa, "Hivi mama yake kaendaje akaacha mtoto wa miaka mitatu?" Baba wa mtoto wa umri huohuo hajawahi kuulizwa hivyo tangu dunia iumbwe, yeye anaambiwa anapambana. Swali la gengeni haliishii gengeni. Jioni litapanda kwenye simu, litamkuta mama wa watu yuko lindoni, na hakuna jibu atakaloweza kulipa akiwa huko.

Dola za misheni

Najua jibu la kijiweni. "Muache, amekwenda kuvuna dola." Nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nikaona tuliweke mezani.

Umoja wa Mataifa haumwajiri askari wetu wala haumlipi mshahara. Unairudishia gharama serikali iliyomtuma. Kiwango kilichoanza Julai 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa askari mmoja kwa mwezi, na ni serikali ya kila nchi inayoamua askari wake atapata sehemu gani. Kinachotoka kwa Umoja wa Mataifa na kumfikia askari mwenyewe mkononi ni posho ya dola 1.28 kwa siku, pamoja na kiasi kidogo kwa siku za mapumziko. Dola moja na senti ishirini na nane. Hapa mjini hiyo ni sahani ya chipsi mayai, na soda ujinunulie.

Ni kweli wapo wanaorudi na kitu. Nyumba zimepigwa bati, bajaji zimeingia barabarani, watoto wamehamishiwa shule nzuri. Siwaonei wivu na wala sisemi kwamba askari ni masikini wa kuchangiwa. Nasema tu kwamba posho haijawahi kumsalimia mtu. Na kazi yenyewe tusiisahau. Tarehe 13 Julai 2013, askari wetu 7 waliuawa kwa kuviziwa karibu na Khor Abeche, Darfur. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa kwa saa kadhaa. Tukapoteza askari wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa. Majirani zetu Kenya, walioingia Somalia Oktoba 2011, wana tarehe yao ya El Adde, 15 Januari 2016, kambi yao iliposhambuliwa. Huko picha za kutisha zilizunguka mitandaoni huku familia zikiwa bado zinasubiri neno rasmi, na serikali ikalazimika kuwaonya watu waache kuzisambaza.

Baada ya Semuliki tulilia kweli. Simu za watu zilijaa mishumaa na bendera, viongozi wakasimama mbele ya majeneza, redio zikapiga nyimbo za maombolezo. Ilikuwa haki yao. Lakini kati yetu sote tuliobadilisha picha zetu tukaweka mshumaa Desemba ile, ni wangapi tulikuwa tumewaandikia hata mstari mmoja mwezi Novemba?

Yaliwakuta babu zetu Burma

Wala si jambo jipya. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma, katika Divisheni ya 11, wakipigana na Wajapani. Miongoni mwao walikuwemo vijana wa Tanganyika wa batalioni za King's African Rifles (KAR). Walipita bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni, matope yakiwafika magotini na malaria ikiwaangusha, mpaka wakauvuka mto Chindwin Desemba mwaka huo. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, hicho chetu cha jeshi chenye ngeli zilizovunjika.

Barua zao zilipita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi, ambao waliandika ripoti kuhusu yaliyomo. Wanahistoria wamezisoma baadaye, na mmoja wao, Timothy Parsons, ameandika kitabu kizima juu ya maisha ya askari hao. Utadhani walikuwa wanaandika juu ya Wajapani. Kumbe waliandika juu ya mke ambaye haleti habari, ng'ombe waliochukuliwa na ndugu, shamba lililoingiliwa, fedha iliyotumwa na haijulikani imefika kwa nani. Mtu yuko msituni maelfu ya maili kutoka kwao, risasi zinapita, naye anamwandikia Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya wa mkoloni, amwamulie kesi ya mbuzi.

Tena barua zenyewe zilikuwa na aibu yake. Askari asiyejua kuandika alimwomba mwenzake. Barua ikifika kijijini, karani au mwalimu aliisoma kwa sauti. Mume alichotaka kumwambia mkewe kilisikiwa na wote waliokuwa barazani. Si ajabu kwamba jeshi lilipoanzisha kikosi chake cha elimu, askari waliona kujua kusoma na kuandika ni mali: angalau mtu aweze kufunga siri yake mwenyewe ndani ya bahasha.

Kinachonishangaza katika habari hii ni Bwana Shauri. Serikali ya mkoloni haikuwapenda watu wale. Ila ilijua kwa hesabu zake kwamba askari ambaye nyumba yake inayumba ni askari nusu, kwa hiyo malalamiko yale yalirudishwa wilayani yashughulikiwe, hata kama mara nyingi yalishughulikiwa vibaya. Leo sisi, wenye nchi na wenye askari, nani mtaani ana kazi hiyo? Mjumbe wa nyumba kumi anajua nani amehamia bila barua ya utambulisho. Mtendaji anajua nani hajalipia taka. Muulize yeyote kati yao ni nyumba gani katika mtaa wake ina baba au mama aliyeko misheni, uone atakavyokodoa macho.

Mbona wakati wa Kagera tuliweza?

Waliokuwa na akili zao mwaka 1978 wanakumbuka. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tuko vitani, na nchi nzima ikahama kutoka kwenye shughuli zake. Wafugaji walitoa ng'ombe. Wakulima walitoa nafaka, wafanyakazi wakakatwa mishahara kwa hiari, malori na mabasi yakaingia kazini. Mgambo walichukuliwa vijijini na kupelekwa mstari wa mbele, hivyo ilikuwa vigumu kupata kijiji kisicho na mtu wake vitani. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, kila mmoja aliona kuna ng'ombe wake katika ushindi ule.

Tulitoa kwa sababu vita ilikuwa mlangoni na kwa sababu redio ilitusimulia kila siku. Misheni za leo hazina hivyo viwili. Ni ugomvi wa watu wengine, mbali, wenye majina ya vikundi yanayochanganya hata wahariri, na taarifa yake gazetini ni aya mbili chini ya picha ya mkuu akikabidhi bendera. Kikosi kinaondoka, kikosi kinarudi. Katikati kuna kimya, na kimya hicho tumekizoea mpaka tunakiona ni sehemu ya nidhamu ya jeshi.

Lakini desturi ya kumsalimia usiyemjua tulikuwa nayo. Nani wa umri wangu hakumbuki kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam? Mtu wa Tunduru alinunua kadi kwa senti zake, akawasalimu watu wa Tarime ambao hajawahi kuwaona wala hatawaona. Kulikuwa na kipindi kizima cha Ugua Pole kwa ajili ya wagonjwa waliolazwa. Hatukuwa tumejaa fedha wakati ule. Sukari ilikuwa ya foleni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na methali hii haikutungwa kwa ajili ya kupamba kanga tu.

Wenzetu walivyoteleza

Tukianza, tusianze kwa pupa. Nchi zilizozoea mambo haya zimeshaonyesha yanavyoweza kuharibika.

Uingereza ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, Binti Mfalme Mary, aliyekuwa na umri wa miaka 17 tu, aliongoza mchango wa kuwapa askari zawadi ya Krismasi ya mwaka 1914: kikopo cha shaba chenye tumbaku na sigara, pamoja na kiko. Napenda habari hii kwa jambo moja dogo. Waandaaji walikumbuka kwamba si kila askari anavuta. Asiyevuta alipewa kalamu ya risasi na peremende. Kwa askari wa Kihindi zikaandaliwa sukari na viungo. Wauguzi wakapata chokoleti. Yaani mtu alikaa chini akajiuliza huyu anakula nini. Tungefanya sisi leo, nina wasiwasi tungepeleka fulana elfu moja zenye picha ya mgeni rasmi.

Vita vya Pili vilileta tatizo la uzito. Barua za Wamarekani zilikuwa nyingi mno kwa meli na ndege zilizohitajika kubeba silaha, wakaanza kuzipiga picha kwenye filamu ndogo na kuzisafisha tena upande wa pili. Magunia 37 ya barua yaliingia katika gunia moja. Hebu fikiria: wakuu wa jeshi, katikati ya vita kama ile, wanaumiza vichwa namna ya kuhakikisha salamu za mama zinafika.

Halafu kukaja mchafuko. Wakati wa vita vya Afghanistan, umma wa Uingereza ulituma maboksi mengi sana kwa "askari yeyote", yakalundikana, yakachelewesha barua zilizotoka kwa wake na watoto wa askari wenyewe. Wizara yao ya Ulinzi ikabidi iwaombe wananchi waache kutuma vifurushi visivyo na mwenyewe na badala yake wavichangie vyama vinavyotambuliwa. Familia zikabaki na haki yao ya kutuma bure mzigo usiozidi kilo 2. Marekani nayo, baada ya barua zenye kimeta za mwaka 2001, ilifuta kabisa mpango wa kumwandikia askari usiyemjua jina. Wema usio na anwani ulikuwa umegeuka hatari.

Kwa hiyo siombi kampeni ya malori yenye mabango. Kampeni tunazijua: zitakuwa na kamati, kamati itakuwa na posho, na posho itakula korosho za askari kabla hazijafika Mtwara mjini.

Barua ni nusu ya kuonana

Ninachoomba ni kidogo na kina mwenyewe. Familia iandike kwanza. Mtaa, kanisa, msikiti, shule aliyosoma askari, ndipo wafuate, kwa mtu wanayemjua au kwa kikosi kilichotoka kwao.

Kwa nini karatasi, wakati simu ipo? Kwa sababu simu inamwaga yote yaliyopo sebuleni dakika ileile, na barua inakulazimisha uchague. Ukiketi na kalamu, ile habari ya fundi unaiona ilivyo ndogo. Unakumbuka kwamba mtoto ameota jino, kwamba mwembe wa uani umezaa mwaka huu kuliko mwaka wa jana, kwamba bibi bado anabishana na redio. Simu ikikatika yameondoka. Barua inakunjwa, inaingia mfuko wa kombati, inasomwa tena siku ambayo mtandao hakuna na mvua ya Kivu inanyesha tangu asubuhi. Na askari wetu aliyeko Kivu, ajabu yake, amezungukwa na Kiswahili kila upande, sokoni, barabarani, kwenye Radio Okapi; ila ni Kiswahili cha kwao. Kile cha mama yake hakipati hadi kitumwe.

Somo la barua tunalo tayari. Kila mtoto wa shule ya msingi anafundishwa barua ya kirafiki: anwani juu kulia, tarehe, mpendwa rafiki, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Miaka nenda miaka rudi watoto wanawaandikia marafiki ambao hawapo, mwalimu anaweka vema kwa wino mwekundu, daftari linafungiwa maandazi. Mbona tusiwape mpokeaji wa kweli? Mpe mtoto wa darasa la tano wa Nachingwea askari wa Nachingwea wa kumwandikia. Hofu na mashaka juu ya aliye mbali itapata maana yake kwa mara ya kwanza. Makosa ya tahajia mwalimu ayaache kama yalivyo, tafadhali. Hayo ndiyo utamu wenyewe.

Yapo ya kuandika na yapo ya kuacha. Andika mahindi yalivyobeba, andika matokeo ya Simba na Yanga na uongeze chumvi upande wako, andika nani kaoa na nani kakimbia harusi. Usimuulize yuko wapi hasa, wako wangapi, wanaondoka lini, na ukijibiwa kwa bahati mbaya usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu mia moja ambao nusu yao huwajui. Siasa ya nchi aliyopo iache. Na katika barua hiyo, hata kama mambo yamebana vipi, usiombe hela. Ya hela yana simu yake.

Kifurushi nacho kiwe chepesi na kikavu. Korosho, kashata, karanga, senene kwa mtu wa Bukoba, pilipili ya kusaga kwa mtu wa pwani ambaye chakula cha pamoja bwaloni kimemchosha ulimi. Tasbihi au rozari. Soksi, jamani, soksi. Picha iliyosafishwa kwenye karatasi, maana ya kwenye simu inalala na chaji. Karatasi ya mtihani wa mtoto, hata kama amepata 43, kwa sababu baba anayeona kosa la hesabu ataandika jibu lake pembeni na kuirudisha, na hapo mtoto amefundishwa na baba yake. Pombe, vimiminika na dawa za kununua barabarani visiguse boksi.

Mlango uko wapi?

Hapa lawama si za raia peke yao. Ninaelewa jeshi haliwezi kutangaza kambi zake kama vituo vya daladala, na mzigo wa mtu wasiyemjua hauwezi kuingia kambini bila kufunguliwa. Basi ufunguliwe. Makao Makuu ya Jeshi yakitaja mlango mmoja, tuseme kwenye vikosi ambako askari wametoka, barua na vifurushi vikaguliwe hapo na visafiri na kikosi kinachokwenda kupokea lindo, nani atapungukiwa nini? Shirika la Posta lina ofisi wilayani na siku hizi halielemewi na barua za mapenzi. Na redio ya taifa, iliyorithi zile kadi za salamu, inaweza kutenga nusu saa ya Jumapili.

Kazi kubwa zaidi haihitaji kibali cha mtu. Ukoo ukae, uteue mtu mmoja wa kupokea shida za nyumba ya askari kwa mwaka huo, shemeji mwenye busara au mama mkubwa asiyeyumbishwa, na kila anayetaka kumpigia simu aliyeko misheni apitie kwake kwanza. Jambo linaloweza kumalizwa kwa shilingi elfu thelathini na jirani mwenye ngazi lisivuke mpaka wa nchi. Kikundi cha VICOBA kinachomdai mke wa askari kimpe nafasi mpaka fedha ya mumewe ifike. Jumuiya ya kanisani inayokwenda kusali nyumba hadi nyumba iipitie na nyumba hiyo ya askari, na wanaume wa msikitini baada ya swala ya Ijumaa wamfuate yule fundi wa matofali, wanne au watano, kwa upole lakini bila kuondoka mapema.

Kisha mke wa askari, akiwa ametua hayo, ataweza kuketi aandike barua ya kurasa mbili isiyo na deni ndani yake.

Watakaoondoka na kikosi kijacho bado tunao mitaani kwetu. Wengine wanapimwa afya, wengine wanatafuta wapangaji wa chumba cha uani ili mama asikae peke yake. Mjumbe anayetaka kuanza anaweza kuwabishia hodi Jumapili hii, akaandika jina la mwenye nyumba, namba ya shemeji, na siku ambayo fundi aliahidi kumaliza paa.